Fagio la Umeme la Mtani Wangu

Walisema sitaweza kufungua hata pasi ya umeme nikaifunga tena bila skrubu moja kubaki mkononi. Walisema mtu aliyesoma Ulaya anarudi na mikono laini kama ya padri, na kwamba diploma yangu, niliyoitundika katika karakana yangu pale mtaa wa Kikula, mjini Likasi, ndani ya fremu niliyoipiga randa mwenyewe, ingefaa zaidi kufunikia mtungi. Fundi cherehani tuliyepakana naye ukuta kwa ukuta alikuwa hodari kuliko wote kwa maneno hayo. Kila mteja aliyekuja kupimwa suruali alionyeshwa mlango wangu kwa ncha ya mkasi.

"Muone ule," alikuwa akisema. "Alikaa Bulaya miaka yote ile, akarudia na karatasi. Diplome haipike bukari, ndugu yangu."

Bukari, kwetu Katanga, ndio ugali. Maneno yale yalinipata pabaya, kwa sababu bukari niliyokuwa nikila nyumbani kwa mama haikutokana na jasho langu. Nitafika huko.

Kwanza niseme mimi ni nani, maana hakuna atakayenisemea. Sikusomeshwa na mjomba. Nafasi ile ya masomo iligombewa na vijana wa jimbo zima nami nikaipata. Serikali ilipoacha kututumia fedha katikati ya masomo, wenzangu wengine walirudi, wengine wakapotelea mijini kule. Mimi niliosha masufuria katika mkahawa, nikabeba makreti ya maziwa alfajiri barafu ikiwa bado barabarani, nikamaliza. Diploma ya ufundi wa mashine na umeme, yenye alama ambazo hadi leo naweza kumwonyesha yeyote anayetaka kuziona.

Niliporudi Likasi, baba alikuwa amekwisha kufa. Alifanya kazi katika kiwanda cha shaba cha Shituru mpaka mapafu yakakataa. Miaka ile Kampuni ya serikali ya madini tuliiita Kampuni tu, kana kwamba hakukuwa na nyingine, na kweli haikuwapo. Kampuni ilikupa nyumba, hospitali, shule ya watoto, na kila mwisho wa mwezi gunia la unga, samaki wakavu na mafuta. Mfanyakazi akifa, gunia linakufa naye na nyumba inarudishwa. Kwa hiyo mama nilimkuta Kikula, katika nyumba ya matofali ambayo baba aliyafyatua siku zake za kupumzika. Nilipopeleka diploma yangu ofisini, karani aliyeketi chini ya picha ya Rais aliigeuza nyuma na mbele kama mtu anayetafuta bei ya kitambaa.

"Nafasi hakuna, sitwayeni," akaniambia, kwa lile neno la Kifaransa la mwananchi tuliloamriwa kuitana. "Upite mwaka kesho."

Nikafungua karakana yangu. Meza ya mbao, koleo, bisibisi tatu, diploma ukutani.

Sasa mtani wangu.

Tulikua pamoja Shituru, nyumba yao ikitazamana na yetu. Watu wa baba yake na watu wa baba yangu ni watani tangu enzi za mababu. Mama yake alipofariki yeye bado akiwa mdogo, baba yake akawa anafanya kazi zamu za usiku, na mama yangu akaongeza mkono mmoja wa unga kwenye sufuria. Akala kwetu, akaogea kwetu, akapigwa kwetu alipokosa. Mimi nilipokwenda Ulaya yeye alibaki, akaingia Kampuni akiwa kibarua, akapanda, na niliporudi nikakuta hesabu ya dunia imekwisha kupigwa: alikuwa mkuu wa sehemu kiwandani, mwenye nyumba yenye baraza, bomba la maji jikoni na miembe miwili isiyo yake mwenyewe bali ya Kampuni, ambayo hata hivyo aliionyesha wageni kana kwamba aliizaa.

Nilimwonea wivu. Sioni sababu ya kulipaka sukari neno hilo. Nilimwonea wivu kwa baraza lile, na kwa beji ya Chama iliyokaa vizuri kwenye koti lake wakati yangu ilining'inia kama jani. Lakini hayo ningeyameza. Nisichoweza kumeza ni kwamba kila Jumapili baada ya misa mama alikwenda Shituru kwake, na jioni akarudi na mfuko wa unga kichwani.

"Unga ya mwanangu wa Shituru," alikuwa akisema akisonga. "Ona vile iko mweupe, tata."

Mama aliniita tata, yaani baba, kwa mapenzi. Lakini mimi nilikuwa tata, na yule ndiye aliyeitwa mwanangu wa Shituru, na bukari ilikuwa yake. Nilikula. Nilikuwa na njaa, nifanyeje. Nilichotaka wakati ule kilikuwa kimoja tu: nije nione siku mama anasonga unga wangu, bila kumtaja mtu mwingine.

Juu ya unga ikaja mashine. Mhandisi mmoja Mzungu mkataba wake uliisha akaondoka, akamwachia mtani wangu vitu vya nyumbani, na kati yake fagio la umeme. Mama alirudi siku hiyo hajui aanzie wapi.

"Inakula vumbi," akasema. "Haina kamba, tata. Wanaitundika ku ukuta inakunywa umeme, kisha inatembea mu nyumba yote. Una mashine ya vile kwa hesabu zako?"

Sikuwa nayo. Nilizijua, nilikuwa nimezifungua kule nilikosoma, nilijua hata jinsi mota yake inavyovuta hewa. Nikamweleza kwa kirefu. Akasikiliza kwa adabu, halafu akasema: "Ya mwanangu ni ya rangi ya maziwa."

Basi nilianza kuonea wivu hata kitu cha plastiki.

Mtoto wa kwanza wa mtani wangu alipopokea komunyo, sote tulialikwa. Kulikuwa na kuku, sombe la majani ya mihogo, bia, na zulia sebuleni ambalo wageni walilikanyaga kwa hofu. Mimi nilivaa koti nililorudi nalo Ulaya. Fundi cherehani alikuwapo pia, kwa kuwa ndiye aliyeshona gauni la komunyo, na alikuwa amekaa mahali ambapo angeniona vizuri.

Mtani wangu akasimama na chupa mkononi. Sheria ya utani mnaijua: mtani wako akikutukana hadharani, ukinuna umeshindwa.

"Bababa na bamama, mumuangalie huyu muzuri," akasema. "Tulikula naye mu sahani moja. Minye nilibakia hapa mu moshi. Yeye akaenda Bulaya kutafuta akili. Akaikosa, akarudia na koti."

Watu wakacheka. Nikasimama.

"Minye nilienda juu ya njaa," nikasema. "Weye ulikuwa unamaliza bukari yote ya mama yangu."

Wakacheka zaidi, hata yeye akacheka. Hapo tulikuwa sawasawa. Lakini makombo ya karanga yalikuwa yamemwagika kwenye zulia, na mtu akaomba aione ile mashine ikila. Mke wa mtani wangu akasitasita. Mume akamwashiria kwa kidevu, akaileta: fimbo ndefu ya plastiki ya rangi ya maziwa, mdomo mpana chini, na katikati tumbo linalopitisha mwanga. Akabonyeza. Mashine ikaguna kama mzee anayeamshwa, ikatoa harufu ya kuungua, ikanyamaza. Akabonyeza tena. Hakuna kitu.

"Iko na aibu mbele ya bantu," mtani wangu akasema, na watu wakacheka, lakini niliuona uso wake. Kwa mara ya kwanza tangu nirudi, nilikuwa na kitu ambacho yeye hakuwa nacho.

Nikavuka zulia nikaikamata ile mashine. Mtani akishika kitu chako mbele ya watu huwezi kumnyima wala kukasirika. Katika misiba ya Shituru nimeona watani wakibeba redio ya wafiwa, wakibeba hata kiatu kimoja cha mwenye nyumba, na mwenye nyumba akabaki na mguu wake mtupu akichekelea.

"Nimekamata," nikasema. "Itarudia Jumapili, Siku ya Mungu yenye kuya, na itakuwa inalia kama nyuki."

"Na kama hailie?"

"Sema weye."

Akafikiri, akanywa kidogo. Alijua watu wanamngoja.

"Kama hailie, ile diplome utaishusha ku ukuta. Nitaitundika mu nyumba ya kuku. Kuku zangu bado hazijasoma."

Sebule nzima ikaanguka kwa kicheko. Fundi cherehani alijipiga paja. Na mama yangu mzazi, aliyekaa kwenye kiti kizuri kuliko vyote, alifunika mdomo kwa kiganja na mabega yake yakatikisika. Kicheko cha wengine kilinipita. Cha mama kilibaki ndani.

Njiani kurudi Kikula nilibeba mashine begani. Mama alitembea nyuma na mfuko wake wa unga.

"Tata," akasema, "ukiharibu kintu ya muntu, minye nitapita wapi kule?"

Hakuogopea diploma yangu. Aliogopea njia yake ya Jumapili.

Jumatatu nilitandaza shuka jeupe juu ya meza. Nilikwenda kwa fundi cherehani kuomba chaki yake, kibrashi chembamba na kichupa cha mafuta ya cherehani. Alinipa, kwa sababu alitaka kuona aibu yangu kwa karibu, na vitu vyake vingekuwa ndani ya aibu hiyo.

"Unaazima tu," akasema. "Kuku zikianza kusoma, bintu byangu birudie."

Kwa chaki nilichora umbo la mashine juu ya shuka, mdomo chini, mpini juu. Kila skrubu niliyoitoa niliilaza kwenye mchoro mahali pake palepale. Kazi hii ndiyo inayomtenganisha aliyefundishwa na anayebahatisha. Skrubu za mashine kama ile zinafanana kwa kichwa lakini hazilingani urefu, na ukiiweka ndefu mahali pa fupi inatoboa upande wa pili, na hapo ndipo watu wanapobaki na skrubu mkononi.

Nilianza na mdomo. Gurudumu la brashi lililo ndani yake lilikuwa limefungwa na nyuzi nyeusi ambazo wanawake wetu husukia nywele, zimeviringana hata gurudumu haligeuki. Nikazikata kwa wembe, nikazivuta moja moja. Kisha nikatoa tumbo. Kulikuwa na vumbi letu jekundu, nilivyotegemea. Halafu mwili wenyewe, uliokataa kufunguka. Mtu wa pupa angetia bisibisi kwenye ufa akapasua plastiki. Mimi nilipapasa kibandiko cha jina la mashine kwa kucha, nikasikia shimo chini yake. Nikakibandua, na skrubu ya mwisho ilikuwa hapo imejificha. Mwili ukafunguka vipande viwili kama ganda la karanga.

Fundi cherehani alikuwa mlangoni. "Unapasua maiti?"

"Anapumua bado," nikamwambia.

Nyuma ya chujio la kitambaa, mahali ambapo hewa inapaswa kupita safi, nilikuta kitu kigumu. Juu kilikuwa cha kijivu, chini cheupe. Kilikuwa kimeshika mapanga ya feni yote na kuizunguka shingo ya mota kama plasta ya mguu uliovunjika. Nikadhani ni chokaa ya ukutani. Nikakwangua kidogo kwa kijiti, nikanusa. Harufu ya uji uliolala. Nikaweka kwenye ncha ya ulimi.

Yalikuwa mahindi.

Nikamngoja fundi arudi kwake, nikakaa kwenye kigoda nikacheka peke yangu. Nilikuwa nimekwisha kuelewa yote. Mtu alikuwa amevuta unga kwa mashine ile, si mara moja. Unga ni laini kuliko vumbi, ukapenya chujio. Kisha mtu huyohuyo, kwa usafi wake, aliliosha chujio na kulirudisha halijakauka. Unga ukakutana na maji, mota ikakutana na vyote viwili ikiwa ya moto. Ilikuwa imepika bukari tumboni mwake mpaka bukari ikaikaba.

Siwezi kueleza furaha niliyoipata. Nyumba ya mkuu wa sehemu, yenye zulia na bomba jikoni, unga unazagaa chini hadi kufyonzwa kwa mashine! Nikaona jinsi nitakavyosimama Jumapili mbele ya wageni walewale. Nitaufungua mkono, nitawaonyesha lile donge, nitasema: mtani wangu ni tajiri hata fagio lake linakula bukari kabla ya wageni. Niliitunga hotuba ile neno kwa neno huku nikikwangua. Nilijua mahali pa kunyamaza ili wacheke.

Nilikwangua kwa kijiti, si kwa chuma, ili nisijeruhi mapanga ya feni. Nilisugua kwa kitambaa chenye spiriti, si maji. Nikatoa vile vipande viwili vidogo vya makaa vinavyopeleka umeme kwenye mota inayozunguka, nikavisafisha vikiwa vikavu, kwa sababu tone la mafuta likigusa makaa kazi yote imeharibika. Mafuta ya cherehani niliyatia tone moja kila upande pale ekseli inapolala. Nikaizungusha kwa kidole. Ilizunguka, ikaendelea kuzunguka nilipokwisha kuiacha.

Lakini haikuwaka. Mota ilikuwa imevuta kwa nguvu muda mrefu mno ikiwa imekabwa, na betri ndizo zilizolipa. Zilikuwa zimefungwa pamoja kama risasi kwenye mkanda. Nilijaribu kila moja kwa balbu ya tochi. Zote ziliwasha balbu isipokuwa mbili, ambazo zilikuwa zimetoa chumvi ya kijani midomoni. Betri za namna ile hazikuuzwa Likasi. Sijui kama ziliuzwa popote karibu nasi.

Nikakumbuka ukumbi wa parokia, ambako juu ya mlango ilikuwako taa ya dharura ambayo sikuwahi kuiona ikiwaka. Nikamwendea bruda aliyetunza ukumbi, mtu mtaratibu aliyetengeneza redio za watawa. Nikamweleza. Akapanda ngazi mwenyewe, akaifungua taa, akanipa betri mbili, na juu yake chuma cha kulehemia, kwa kuwa changu kilikuwa cha kupashwa kwenye makaa ya mama na kisingeweza kazi ndogo hivyo.

"Sikupi," akasema. "Nakukopesha. Siku ukumbi wa Mungu ukiingia giza nitakuita kwa jina."

Nilikuwa nimelehemu betri ya kwanza wakati kivuli kilipoingia mlangoni. Alikuwa mke wa mtani wangu, akitoka sokoni Kikula na kapu la majani ya mihogo. Alikuja kuona mashine. Akaona bakuli.

Donge lilikuwa mle ndani. Nilikuwa nimelihifadhi kwa ajili ya Jumapili.

Akaweka kapu chini.

"Enjenieri," akasema, "ile utaionyesha bantu?"

"Ni utani, shemeji. Hauna ubaya."

Akakaa bila kukaribishwa. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na siku ile alisema kwa sauti ya chini huku akiangalia ukuta ambao upande wa pili fundi cherehani alikuwa akikanyaga cherehani.

Magunia ya Kampuni hayakuwa tena magunia, akasema. Yalikuja nusu, na mwezi mwingine yalichelewa hadi mwezi uliofuata. Wakubwa walikatwa kama wadogo, ila wakubwa hawakuweza kulalamika sokoni. Gunia likifika, mumewe alilifungua yeye mwenyewe na kabla ya mtu yeyote kugusa alijaza mfuko wa mama yangu. Mfuko uleule, kiasi kilekile cha tangu magunia yalipokuwa mazima. Kilichobaki ndicho walichokula wao. Na magunia ya siku hizo yalikuwa mabovu, yakipasuka ghalani mwao, unga ukamwagika kwenye sakafu.

"Kuufagia kwa ufagio, unachanganyika na udongo," akasema. "Ndiyo nikasafisha ile mashine muzuri, nikavuta unga, nikaumwaga mu beseni, nikachekecha. Tulikula. Ukaisha mwezi, nikafanya tena. Yeye alijua. Alisema, ya mama haiguswe. Ya sakafu ni yetu."

Nikauliza kitu cha kipumbavu. Nikauliza kwa nini asimpunguzie mama kidogo, hata robo.

"Nilimuuliza pia," akasema. "Alinijibu, yule mama wakati alikuwa ananipa minye, hakupima."

Akanyanyua kapu lake akaondoka.

Watu watadhani wivu wangu uliisha pale. Haukuisha. Ulikuwa umeketi juu ya baraza lake na beji yake, sasa ukahamia mahali ambapo sikuweza kumfikia. Nyumba ningeweza kujenga. Cheo ningeweza kupata. Lakini mkono ule wa unga mama aliuongeza kwenye sufuria mbele ya macho yangu, mimi mwanawe wa tumbo, na nikasoma, nikavuka bahari, nikarudi, na aliyekuwa akiurudisha ni yeye. Alikuwa ameishika zamu yangu. Na alikuwa akiifanya vizuri kuliko ambavyo ningeifanya, kwa siri, akila cha sakafuni. Nililehemu betri ya pili nikiwa na hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani. Kiungo kile ni kizuri kuliko vyote nilivyowahi kulehemu.

Nikalitupa donge kwenye jalala, nikalifunika na majivu.

Nilirudisha kila skrubu kutoka kwenye mchoro wake. Shuka likabaki na umbo la chaki tupu, bila kitu juu yake. Nilimwita fundi cherehani aje aangalie. Alizunguka meza, akainama chini kutafuta skrubu iliyobaki, akainua hata kigoda changu.

Jumapili nilipofika Shituru na mashine begani, baraza na sebule vilikuwa vimejaa. Watu ambao hawakualikwa kwenye komunyo walikuwa wamealikana wenyewe. Mtu alikuwa amekwisha kupigilia msumari kwenye nyumba ya kuku. Mama alikaa kwenye kiti chake na hakunitazama.

Nikamwaga konzi ya karanga zilizosagika kwenye zulia. Nikabonyeza. Ikalia kama nyuki, karanga zikaenda, na mtoto wa komunyo akaomba aishike. Watu wakapiga makofi. Mama alitazama zulia, akaitazama mashine, halafu akanitazama mimi, muda mrefu kidogo kuliko alivyozoea.

Mtani wangu alingoja kelele zipungue. Alikuwa amepauka. Yeye na mkewe peke yao walijua ninachokijua.

"Sasa, Enjenieri," akasema, "utuambie. Ilikuwa inagonjwa nini?"

Hotuba yangu yote ilikuwa tayari mdomoni, na pale pa kunyamaza nilikuwa nimekwisha kufika.

"Vumbi ya Shituru," nikasema. "Weye na moshi yenu munaua kila kintu."

Wakacheka, naye akacheka kuliko wote. Alinishika bega akalibana kwa nguvu, akaliachilia.

Tangu siku hiyo nyumba za Kampuni ziliujua mlango wangu. Zilikuja pasi, feni, friji zilizobebwa kwa mkokoteni, mashine za kukorogea. Wengi walilipa kwa fedha iliyokuwa ikioza mikononi mwetu, wengine kwa vitu, na mimi nilipenda vitu. Karakana ikapata mlango wa chuma. Nilisema nitaweza, nikaweza. Na walionicheka walileta pasi zao.

Baada ya miezi kadhaa ikafika siku ya kurudisha nilivyoazima. Nilivaa koti langu nikaanza asubuhi. Bruda alipata betri zake mbili, mpya, nilizoagiza kwa mteja aliyekwenda Ulaya kwa matibabu, pamoja na chuma chake cha kulehemia ambacho nilikitia mpini mpya. Alipanda ngazi akaziweka. Taa ikawaka, na nadhani sote wawili tuliionea ajabu. Fundi cherehani nilimrudishia chaki, kibrashi na mafuta, nikaketi chini ya cherehani yake nikaifungua yote mbele ya wateja wake na kuifunga mpaka ikawa haitoi sauti. Alitafuta neno la kunitania. Akatafuta tena, kisha akaniuliza kama nitahitaji suruali.

Akabaki mmoja. Nilikuwa nimenunua mahindi kwa wakulima wa upande wa Kambove, nikayasagisha, gunia zima la kweli, lililojaa mpaka mdomoni. Mama alilishona yeye mwenyewe. Tuliliweka kwenye mkokoteni, nikalisukuma hadi Shituru, mama akitembea kando na kiganja juu yake kama mtu anayempeleka mtoto hospitali.

Mtani wangu alikuwa barazani na wenzake wa kazini. Nikalishusha gunia miguuni pake.

"Ile mukono ya unga," nikasema. "Toka leo ni kazi yangu. Weye pumzika."

Akaelewa. Aliligusa gunia kwa kidole cha mguu. Nikamwona anatafuta jambo la kusema, na kwa kuwa sisi ni watani halikuweza kuwa asante.

"Unga iko safi?" akauliza kwa sauti ya kusikiwa na baraza zima. "Maana minye nimezoea ile ya kuvuta na aspirateri. Bababa, hamujui? Hapa kwangu tulikuwa tunakula bukari ya sakafu. Bibi yangu anavuta, anachekecha, tunakula. Ndiyo mashine ikakufa. Huyu aliikuta tumbo imejaa bukari, akawadanganya ni vumbi."

Baraza likalipuka. Wenzake walicheka hadi machozi, na mmoja, kisha mwingine, wakaanza kusimulia ya kwao: huyu aliyekuwa akichekecha kwa chandarua, yule aliyegombea unga na kuku. Mkewe alitoka jikoni na mwiko, akasikia, akarudi ndani akicheka. Mama yangu alitazama gunia, akamtazama yeye, akaelewa mifuko yake yote ya Jumapili. Akaketi juu ya gunia, akalia na kucheka kwa pamoja.

Utani ule ulikuwa wangu. Niliuchimba kwa kijiti, niliutunza miezi yote ile, niliufunika na majivu, naye akausema kwa pumzi moja na watu wakampenda zaidi. Hadi leo nikikumbuka nauonea wivu.

Lakini jioni hiyo sikudaiwa na mtu Likasi nzima. Na mama alirudi Kikula kichwa kitupu, mikono mitupu, akitembea mbele yangu na mkokoteni wangu kwa haraka, kwa sababu unga wangu ulikuwa nyumbani na maji ya kuusonga alikuwa ameyaacha tayari jikoni.